Nilipoagwa Nikabaki

Kwetu Ihanja mtu akishaagwa anatakiwa aondoke. Mimi niliagwa Jumapili. Wanawake wa jumuiya waliniwekea mikono kichwani wakaomba, wakaimba, wakanifunga khanga mpya kiunoni, na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara akaja na jogoo aliyefungwa miguu, akasema nimpelekee mkuu wa meli. Nikamwambia mkuu wa meli anakula vyakula vya Kizungu. Akanijibu kwamba hata Mzungu akionja kuku wa Singida atanyamaza. Nikampokea jogoo wa watu, ingawa nilijua hawezi kuvuka hata geti la kwanza la bandari.

Nilikuwa naenda kwa mwanangu. Ninaye huyo mmoja tu, na kazi yake ni kufua. Anafua mashuka ya watalii kwenye meli kubwa, zile zinazozunguka baharini na watu wanaolipa ili wapumzike. Aliondoka kabla ya korona, na korona ilipofika meli yao ilikataliwa kila bandari. Wakafungiwa vyumbani, yeye na wenzake, katika vyumba vya chini visivyo na dirisha. Alikuwa akinipigia simu na swali lake lilikuwa moja: "Mama, niambie kuna nini hapo nje." Namwambia: upepo umevuma mpaka bati la choo limeng'oka. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye alizeti. Limepita lori la vitunguu. Alikuwa anasikiliza hayo hadi salio lake linakwisha, na mimi nilikuwa nalia nikishakata simu, siyo kabla.

Basi baada ya miaka yote hiyo meli yake ilikuwa inapita Mombasa, na wafanyakazi waliruhusiwa kila mmoja kualika ndugu mmoja asafiri nao siku chache. Akaniita mimi. Baada ya hapo meli ilikuwa inakwenda bahari za mbali, na hakuna aliyejua itarudi lini upande huu. Pasi ya kusafiria nilikuwa nayo, chanjo nilikuwa nimechanja. Kilichobaki ni kipimo cha korona.

"Mama," aliniambia kwenye simu, "hapa bandarini wanapima kila mtu kabla ya kupanda. Kupima huko Singida kwanza ni hiari yako. Ila ukikutwa nayo hapa, watakufungia hotelini peke yako. Na mimi nitakuwa nimeshakukumbatia pale getini, maana sitaweza kujizuia. Watanifungia tena."

Nilimjibu kwamba mimi ni mzima kama jiwe. Lile neno "tena" lilinibaki sikioni, nikalipuuza.

Jumatatu niliamka na koo linawasha. Mwili ulikuwa mzito, nikasema ni uchovu wa wageni. Mdogo wangu wa kiume, ambaye tunaishi naye ua mmoja na ambaye kila kitu anakijua hata asichoulizwa, alisema ni vumbi la kupeta alizeti. Nikakubali haraka. Wakati ule kwetu hakuna aliyekuwa na korona. Watu walikuwa na vumbi, walikuwa na mafua, wengine walizikwa kwa changamoto ya upumuaji. Jina lenyewe lilikuwa la kwenye redio.

Na mama yangu pia tunaishi naye. Mama ni mzee, kifua chake kimekuwa kibovu tangu nikiwa msichana, na anaweza kukaa kimya hadi ukajitaja mwenyewe. Alinitazama nikimpa maziwa ya asubuhi, akaonja, akaweka kikombe chini. Baadaye akaja na chungu cha nyungu kinafoka mvuke, na blanketi zito begani.

Nyumbani kwetu mtu haingii nyungu peke yake. Ndivyo mama alivyolelewa na ndivyo alivyotulea. Mgonjwa anaingia na mtu wa kumshikia pindo la blanketi, kwa sababu mvuke ukizidi kila mtu hutaka kukimbia. Nikamwambia mama hapana, nitaingia mwenyewe, ni mafua tu. Akaniambia kama ni mafua tu ninamwogopea nini? Tukainama, akatufunika.

Giza. Joto. Magoti yake yakigusa yangu, chungu katikati.

"Vuta," alisema. "Mkaratusi wa mwaka huu mkali jamani. Umeusikia?"

Nikavuta. Maji ya moto yalinipanda puani na hakuna kingine. Nikavuta tena, kwa nguvu, hadi nikakohoa. Hakuna kitu. Mimi ni mama lishe. Nimepika kando ya ile barabara maisha yangu yote ya utu uzima, na muuza mafuta akifika mlangoni na dumu najua kabla hajalifungua kama mafuta yamechacha. Pua yangu ndiyo inayonilisha. Na pale nilikuwa nimeiinamisha juu ya chungu cha mvuke, haina habari.

"Ndiyo mama," nikasema. "Ni mkali."

Kwenye redio nilikuwa nimesikia maana yake. Nikataka kutoka. Nilitaka kuling'oa lile blanketi nikimbie nje, mbali na yule mzee niliyekuwa nampumulia usoni. Nikasukuma. Mama alikuwa amelishika pindo, na ana mkono mgumu wa mtu aliyelima mtama miaka yote.

"Bado," alisema.

Nikabana pumzi. Mtu anaweza kubana pumzi kwa muda gani? Nilijisikia nimefungiwa kila upande na nilishindwa hata kumwambia kwa nini.

Alipotuachia nilikwenda jikoni nikakata kitunguu nikakiweka chini ya pua. Nikafungua kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikafungua dumu la mafuta ya taa. Nikatoka nje nikamwinamia yule jogoo, na mdogo wangu akanikuta hapo.

"Dada, unamnusa kuku?"

"Namwangalia kama yuko tayari kusafiri."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Tukakaa kwenye kibaraza. Basi la kwenda Arusha, ambako ningeunganisha hadi Mombasa, lilikuwa kesho yake. Nikamwambia kuhusu pua, na kwamba nafikiria kwenda mjini kupima. Aliniangalia kama niliyetaka kujichimbia shimo.

"Ukipima una korona," alisema. "Usipopima una mafua. Chagua."

Ningekuwa na nguvu ningempiga kofi, maana alikuwa amesema kile nilichokuwa nakiwaza. Alikuwa na mpango mzima: ninywe tangawizi na ndimu njia nzima, nioshe pua kwa maji ya chumvi kabla ya bandari, kijiti chao kisione kitu. Kuna mtu alimwambia kuna mtu alipita hivyo. Na nisipoondoka, je? Nimeshaagwa. Khanga nimevishwa. Nikionekana kesho nachota maji bombani nitawaambia nini watu? Tangu Jumapili sikuwa nimetoka nje ya ua, kwa aibu ya kuonekana bado nipo. Na nikikutwa nayo hapa, nani atakula tena chakula changu? Nani atamsogelea mama?

Nilitaka kwenda. Nisilizungushe jambo hili: nilimtaka mwanangu. Nilitaka kumshika mikono, ile inayofua mashuka ya watu, niangalie sabuni imeifanyaje. Nisipopima nilikuwa bado ni mama anayekwenda kwa mwanawe. Nikipima huenda nikawa mgonjwa wa Ihanja. Nilikaa pale hadi kivuli cha nyumba kikanifikia, na kila njia niliyoifikiria ilikuwa na mlango unaofungwa. Nikisafiri nitafungiwa hotelini. Nikibaki nitafungiwa nyumbani. Hayo ningeweza kuyabeba, mimi si mtoto. Lakini kila nilipojiona nimefika getini na yeye anakuja mbio, nilisikia lile "tena". Chumba kisicho na dirisha. Na safari hii aliyemtia humo ni mimi.

Asubuhi mdogo wangu alinipakia kwenye pikipiki pamoja na begi, asali, mafuta ya alizeti na jogoo akining'inia kwenye usukani. Nilikuwa naenda kupima, lakini ilibidi niondoke na mizigo, watu waone nimesafiri. Wakaniaga kwa mara ya pili barabara nzima. Wanawake wa bombani walipiga vigelegele. Nikapunga mkono huku barakoa imenibana masikio, nikajisikia mwongo wa wilaya.

Mjini Singida, hospitalini, muuguzi aliniingiza kijiti puani hadi machozi yakanitoka.

"Mama umekuja na kuku?" aliniuliza.

"Ni wa mkuu wa meli."

Akadhani nina homa kali, akanishika paji la uso. Kisha tukasubiri, na kile kipimo kidogo kikachora mistari miwili. Akaniambia nirudi nyumbani, nikae chumba cha peke yangu, nikae mbali na wazee. Nikamwambia ninaishi na mzee. Akaangalia pembeni akasema, basi, ujitahidi.

Nilimpigia mwanangu nikiwa chini ya ukuta wa hospitali. Nilimwambia yote. Nikasikia mashine za kufulia nyuma yake zinazunguka.

"Ungekuja tu, mama," alisema mwishowe. Halafu, kabla sijajibu: "Hapana. Asante." Akakata simu, na mimi nilijua kwa nini amekata.

Tulirudi kwa kuzunguka mashambani jua likizama, ili watu wasinione. Mdogo wangu, bingwa wa mafua na vumbi, alikuwa amejifunga shuka usoni likabaki jicho moja. Sikumcheka. Sikuwa na kicheko. Niliingia kwenye ghala, kati ya magunia ya alizeti, nikafunga kitasa kwa ndani. Kuna kidirisha kimoja cha wavu, na kinachoonekana hapo ni ukuta wa jirani.

Mama alihamishia kigoda chake nje ya mlango. Nilimwambia asogee mbali. Akasogeza kigoda karibu zaidi, nilisikia miguu yake ikiburuzwa. Akawa ananiwekea uji, anaondoka hatua chache, nafungua, nachukua, nafunga. Nilikuwa nimelala nawaza lile blanketi. Niliwaza pumzi yangu na kifua chake. Nilijilaumu hadi nikachoka, nikalala, nikaamka nikaendelea.

Siku ambayo meli ilikuwa inang'oa nanga nilimsikia anakohoa pale nje. Kikohozi kikavu, kama changu.

"Fungua," alisema.

"Mama, nina ule ugonjwa."

"Najua. Nilijua tangu siku ya nyungu."

"Ulijuaje?"

"Maziwa ya asubuhi ile yalikuwa yameungua, ukanipa na sukari juu. Wewe hujawahi kumpa mtu maziwa yaliyoungua. Na mimi redio naisikiliza." Akakohoa. "Nikakuuliza kama umeusikia mkaratusi. Ukasema ni mkali."

"Ndiyo."

"Sikuweka mkaratusi. Yalikuwa maji matupu. Nilikuwa nakupima."

Nilikaa kwenye gunia. Nikaliona upya lile giza, magoti yake, mkono wake kwenye pindo. Alikuwa ameshajua, na ndipo akasema "bado".

"Kwa nini hukutoka, mama?" nikamuuliza. "Kwa nini ulinishikilia?"

"Ulikuwa unatetemeka," alisema. "Wewe umekataa kwenda kwa mwanao ili asifungiwe. Hukukosea, yule ana kazi ya watu. Mimi kazi sina, na nimeshashikwa tayari. Fungua nifungiwe na wangu."

Nikafungua. Aliingia na lile blanketi, akatazama ghala kama mgeni anayekagua chumba, akasema magunia yamepangwa vibaya. Alikohoa sana wiki zile, usiku mwingine nilihesabu pumzi zake, lakini alipona kabla yangu. Ninapoandika haya yuko nje anagombana na yule jogoo, ambaye hakuna aliyethubutu kumchinja. Mwanangu bado yuko majini, na bado sijamshika mikono.

Lakini jioni ya siku ile nilipomfungulia, tulikuwa tumekaa sisi wawili kwenye mkeka mmoja, mgongo kwenye alizeti, simu ikaita. Kulikuwa na upepo mwingi upande wake, na honi moja ndefu iliyofanya mama ainue kichwa.

"Mama," mwanangu alisema, "tunaondoka. Nimepanda juu kabisa. Nikuambie kuna nini hapa nje?"

Nikaweka simu katikati yangu na mama.

"Tuambie," nikasema.