Siku Papa Philémon Aliyotakiwa Kunyamaza

Papa Philémon wa Kasha alikuwa amewasemea mabinti wa watu kwa miaka mingi, hata sauti yake ikachakaa kama kola ya shati la Jumapili. Mkate wake aliupata kwa kuuza misumari na bawaba kule sokoni Kadutu, lakini mtaa wake wote wa Bagira ulimjua kwa kazi nyingine isiyo na mshahara: musemaji. Ndiye aliyekaa mbele ya wageni wa posa na kuzungumza kwa niaba ya familia, fumbo juu ya fumbo, mpaka pande zote mbili zichoke na kukubaliana. Maoni yake, ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza, ni kwamba ndoa nyingi za mtaa ule zilifungwa kwa uchovu, na kwamba hizo ndizo zilizodumu.

Sasa zamu ilikuwa ya binti yake mwenyewe, na hapo desturi haina mjadala: baba hasemi katika posa ya mwanawe. Baba anayefungua kinywa ni baba mwenye haraka, na mwenye haraka ana jambo analificha. Kwa hiyo alivaa koti, akakaa kitini, akawa kama picha ya marehemu ukutani. Maneno yaliachiwa mdogo wake, Grégoire, mtu wa moyo mwema ambaye Mungu alimpa koo pana na mapenzi ya mpira, na kwa hivyo hakumbakizia nafasi ya kitu kingine.

Merveille, binti mwenyewe, alikuwa fundi cherehani huko Nguba na alikwisha kupita thelathini. Zamani kidogo ulikuja ujumbe kutoka Walungu. Wazee wakabishana mlangoni nani atangulie kuingia, ujumbe ukageuka, basi. Wageni wa posa wakigeuka kabla ya kukaa, hawarudi. Merveille hakulia. Alirudi cherehanini akashona nguo za arusi za watu wengine, na baba yake akaenda kuzisemea.

Safari hii mchumba aliitwa David, na kwao ni Bujumbura. Siku ilipangwa mapema. Kisha yakapangwa mashindano ya mpira ya nchi jirani, zile ambazo kwa kawaida hukutana mbele ya wasuluhishi. Waliopanga ratiba hawakumuuliza Philémon, na siku ile ile ya posa Congo ikaangukia kucheza na Burundi, nusu fainali.

Wageni walichelewa. Simu zao hazikupatikana tangu bonde la Ruzizi. Grégoire akamwomba kaka yake ruhusa ateremke kwenye salle ya video, kibanda cha kutazamia mpira, "dakika kidogo tu, yaya." Alirudi jioni na nusu ya mtaa nyuma yake, wote kimya kama watu watokao makaburini. Burundi walikuwa wamepata bao moja dakika za mwisho, la penalti ambayo, kwa ushahidi wa salle nzima, haikuwapo.

Na hapo hapo minibasi ikasimama mlangoni.

Alishuka kwanza Muzee Nathanaël, baba mkubwa wa David, matope hadi magotini. Tangu asubuhi walikuwa wanasukuma gari kwenye miinuko ya Ngomo. Hakuna aliyesikia redio, simu zilikuwa zimekufa, na kuhusu mpira hawakujua lolote. Nathanaël alijifuta mikono, akanyoosha mgongo, akasalimu kama mtu aliyelelewa:

"Mumeshindaje, bakwe?"

Kushinda ni kumaliza siku. Kushinda pia ni kumbwaga mwenzako. Maneno haya mawili yamekaa nyumba moja muda mrefu bila kugombana. Jioni ile yaligombana.

"Ati tumeshindaje?" Grégoire akasogea. "Uko unatuuliza sisi, tumeshindaje?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Sisi tumeshinda njiani. Na kusema ukweli mbele ya Mungu, tumeshinda vibaya sana."

"Munasikia! Anakubali yeye mwenyewe! Ile penalti haikukuwa penalti!"

Nathanaël akatazama viatu vyake, kana kwamba penalti ingekuwa huko. "Penalti gani?"

"Ooh, anauliza penalti gani!" Maman Eulalie, jirani, akapaza sauti juu ya ukuta. "Murudie kwenu na arbitre wenu wa filimbi! Bibi arusi hatutoe leo!"

Mtaa ukacheka kile kicheko cha watu waliofungwa. Grégoire akatanua mikono kuziba mlango wote, jambo ambalo kipa wa Léopards, timu ya Congo, angefanya vema kulifanya mapema zaidi.

Nathanaël hakupandisha sauti. "Sikutoka Bujumbura kuja kutukanwa mulangoni. Dereva, geuza gari."

David akamshika mkono, akanong'ona. Mzee akautoa mkono wake. Injini ikawaka.

Kutoka kitini Philémon alimwona Merveille kwenye mlango wa jiko, amevaa kikwembe kipya. Alianza kufungua kitambaa cha kichwa, taratibu, kama fundi anayefumua mshono aliojua tangu mwanzo kuwa hautashika.

Philémon alitafuta fumbo. Alikuwa nayo mengi, ya kuku aliyepotea, ya ua la bustani ya jirani. Yote yalikuwa marefu, na yeye alikuwa amechoka. Akasimama.

"Grégoire, toka ku mulango. Hawa watu hawajui hata mpira ulichezwa. Wamekaa mu matope tangu asubuhi. Muzee Nathanaël, ingieni. Mutoto anawangoja, na mimi pia nimechoka kungoja."

Maman Eulalie alijiziba mdomo. Baba alikuwa amesema.

Nathanaël akageuka polepole. "Huyu ndiye baba?"

"Ndiye mimi."

"Basi baba iko na haraka."

"Iko nayo."

Mzee alifikiri, mkono juu ya mlango wa gari. "Nimeenda posa nyingi," akasema mwishoni. "Ukweli huwa tunaupata kisha ya arusi. Hapa wanautoa mulangoni." Akamwashiria dereva azime injini.

Ndani, David, ambaye vijana wa mtaa walikwisha kumsimulia mchezo, alimweleza baba yake mkubwa habari za penalti. Nathanaël alifurahi kwa muda mfupi, upande wa uso usiotazamwa na wenyeji, kisha akawapa pole kwa heshima zote. Grégoire, aliyehitaji kumhukumu mtu, alimhukumu kaka yake: mtungi mmoja wa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kosa la kusema, na asifungue tena kinywa mpaka wageni waondoke.

Katika maisha yake yote Philémon hakuwahi kupewa adhabu tamu kama ile. Wengine walisema. Grégoire alileta fumbo la kuku, Nathanaël akajibu na la ua, Grégoire akarudisha kuku. Wakafika kwenye desturi ya mwisho: binti anayekubali humpelekea baba yake glasi ya kwanza, na baba akinywa, amemtoa. Merveille alisimama nayo mbele ya kiti, wageni wote wakimtazama, kitambaa chake kimefungwa upya.

Baba alikuwa amelala, kidevu kifuani.

Akamgusa bega.

"Papa, amuka," akasema. "Kunywa, niende."