Mfuniko wa Kijani

Mimi nina mdomo. Nimezaliwa nao, na waliojaribu kuufunga wameshindwa, kuanzia mama yangu mpaka marehemu mume wangu. Kwa hiyo nikisema kuna msimu mmoja niliufunga mwenyewe, juu ya jambo lililokuwa likinichoma ndani usiku na mchana, wanaonijua watasema naongopa. Siongopi.

Ilikuwa wakati reli ya kwenda Zambia inakaribia kumalizika. Kaka yangu alikuwa kibarua kwenye kambi za reli, na sisi nyumbani, huku vilimani upande wa Itaka, tulikuwa tukichuma kahawa. Yeye na rafiki yake walikuwa na mchezo wao tangu wakichunga ng'ombe: kurusha mifuniko ya makopo ya rangi. Mnachagua mti ulio mbali, kila mmoja anarusha wake, unaufuata pale ulipoangukia, unaurusha tena kutoka palepale, mpaka uugonge mti. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi, na mnachagua mti mwingine. Hivyo walipanda mlima mzima, kaka akianzia kwetu, rafiki akianzia kijiji cha kwao ng'ambo ya pili, wakakutana kileleni na kuanza kubishana nani karusha mara chache. Baadaye nikajiingiza mimi, na binamu zetu wawili. Nilikuwa narusha vibaya na kubishana vizuri.

Huyo rafiki ndiye aliyenichumbia. Mshenga alishaleta jembe la posa, baba akalipokea. Tulikuwa tunamngoja kaka tu, maana harusi bila yeye sikuitaka. Alikuwa ametutumia salamu kwa dereva wa lori: anatutengenezea mifuniko mipya mitano huko kambini, kila mtu na wake, na akirudi tupande mlima wote kwanza, mambo ya harusi yafuate.

Kabla hajarudi, mchumba wangu akateremka Kamsamba kutafuta mchele wa harusi. Mtu wa milimani, joto lile na mbu wale hakuwazoea. Homa ikamkamata hukohuko, na hukohuko wakamzika. Mchele wa harusi yangu! Kwani mimi ningekufa njaa, mchele huo ungekosekana?

Sasa, kwetu msafiri hapokelewi kwa msiba. Anakaribishwa, anakula, anapumzisha miguu, halafu mkubwa wa ukoo anamketisha na kumwambia. Si kazi ya kila mtu. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, naye alikuwa Chunya akimuuguza mwanawe. Mama akatukusanya, mimi na binamu zangu, akasema, "Mpaka baba mkubwa arudi, kaka yenu asione chozi hapa. Na wewe hasa."

"Mimi hasa kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiwe atakayekutazama. Jikaze, mwanangu."

Kaka akafika mchana, kakonda, na gunia begani na sukari aliyoipata Tunduma kwa mbinde. Tulisalimiana. Akanitazama muda mrefu mno. Nikajua nikikaa kimya nitapasuka, nikawahi mimi: "Haya, mifuniko yetu iko wapi? Au umerudi na maneno matupu?"

Akasita. Kisha akacheka, akafungua gunia. Mitano, kingo zimegongwagongwa zisikate vidole, kila mmoja bado na rangi ya kopo lake. Akanipa mwekundu. Wa kijani akauweka pembeni. "Huu ni wa mwenzako," alisema, na kuinama tena kwenye gunia.

"Atafurahi," nikasema. Mungu anisamehe, nililitamka neno lile huku natabasamu.

Tangu siku ile nyumba yetu haikuwa na habari nyingine ila safari ya mlimani. Tulikuwa tukichagua kahawa kwenye jamvi uani, kaka akawa anaipanga safari kwa zile punje nyekundu. Hapa ni kwetu. Punje nne hizi ni sisi. Mti wa kwanza, mkuyu wa kisimani. Wa pili, ule uliopigwa na radi. Wa tatu, mti wa jiwe kubwa. Jumatatu haifai, kuna shamba la kijiji. Jumamosi kuna kahawa ya kupeleka. Iwe Jumapili baada ya ibada. Binamu mmoja abebe viazi, mwingine birika, mimi nichukue sukari maana mimi ndiye mchoyo. Nikamrushia punje usoni.

Kisha akachukua punje nyingine, akaiweka peke yake ng'ambo ya pili ya jamvi.

"Na huyu anatokea kwao. Tutamkuta juu."

Binamu zangu wakainamia kahawa. Nikamwona mama mlangoni ananitazama, nikasema kwa sauti yangu ileile ya kelele, "Akichelewa atakula maganda! Simwekei mtu viazi mimi!"

Tukacheka wote. Kaka alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikajisingizia kuni, nikaenda nyuma ya jiko, nikauma khanga yangu kwa meno ili sauti isitoke. Nilimchukia kaka siku ile. Nilimchukia kwa kutojua kwake, kwa furaha yake, kwa punje ile moja aliyoiweka peke yake. Niliporudi ilikuwa bado pale. Jioni tulizoa kahawa yote, yeye akaiacha ile.

Jumamosi, jua likielekea kuzama, baba mkubwa akarejea. Hata vumbi hakujipangusa vizuri. Alituita sote ndani, akamketisha kaka karibu naye, akamuuliza kama amekula, kama amepumzika, na kaka akajibu kila swali kwa adabu. Kisha baba mkubwa akasema kwa upole, "Mwanangu, rafiki yako hatunaye. Tulimpoteza Kamsamba."

Kaka hakushtuka. Alikaa vilevile, mikono magotini.

"Niliambiwa Tunduma, baba mkubwa," akasema. "Mfanyabiashara wa mpunga aliniambia. Nilipofika hapa nikamkuta huyu anacheka, anadai mifuniko. Nikajua bado hamjamwambia. Nilikuwa nakungoja uje umwambie."

Huyu, yaani mimi.

Nikasimama. Nikamrukia kaka yangu mbele ya wazee, nikampiga ngumi kifuani. "Nilikuwa nacheka kwa ajili yako! Siku zote hizo, kwa ajili yako!"

"Na mimi nilikuwa napanga safari kwa ajili yako," akasema, na ndipo alipolia, mwanamume mzima, kichwa chake begani kwangu. Mama alipiga yowe, majirani wakaja mbio.

Jumapili tulikwenda hata hivyo. Viazi hatukubeba, wala sukari. Hatukurusha kwenye mkuyu, hatukurusha kwenye mti wa radi. Tulipanda moja kwa moja mpaka kileleni, pale tulipokuwa tukimkuta amekaa, akitucheka kwa kuchelewa. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeambiwa, nimelia matanga, nilijua vizuri kabisa amezikwa wapi, na bado nilitazama njia yake ile inayopanda kutoka kwao. Nikaitazama sana.

Kaka akanipa mfuniko wa kijani. Nikaurusha kuelekea kwao. Mimi nisiyejua kurusha, siku ile ulikwenda mbali, ukapinda juu ya majani, ukashuka upande wake wa mlima, na nikausikia ukigonga jiwe. Nikaanza kuufuata, maana ndivyo mchezo ulivyo, unaufuata pale ulipoangukia. Nilipiga hatua chache tu. Nikakaa kwenye majani na kumwita kwa jina lake, kwa mdomo wangu huu wote, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.