Simu ya Habari Njema

Sista Mkuu alipowauliza wazazi wana maoni gani kuhusu kitengo cha shule yetu cha watoto wenye mahitaji maalumu, ukumbi mzima ulimjibu kwa shukrani. Mama mmoja alisimama akasema, "Sisi tunashukuru tu, Sista." Wa pili akashukuru. Baba mmoja akatushukuru sisi walimu, akamshukuru na Mungu, akaketi. Walipomaliza soda zao wakawachukua watoto, wakaondoka.

"Nimewaita watuambie pa kurekebisha," Sista aliniambia tukipanga viti. "Mbona wameniaga kama watu wanaotoka msibani?"

"Wanaogopa, Sista. Shule za kuwapokea watoto kama hawa ni chache. Mzazi anaona akilalamika, mwanawe atarudishwa nyumbani."

Sista aliweka kiti chini. "Basi wafuate kwao. Na usiende na karatasi. Kaa, ongea nao."

Ndivyo nilivyoanza kuzunguka mitaani jioni baada ya vipindi, leo Mafiga, kesho Kihonda. Nilinyweshwa chai nyingi, nikapewa na shukrani nyingine. Hadi nilipofika Bigwa, kwa fundi mwashi mmoja.

Binti yake alikuwa darasani kwangu. Ana mtindio wa ubongo. Mkono wa kushoto umekakamaa, na maneno humtoka kwa taabu. Kicheko chake, lakini, hakina taabu yoyote. Aliponiona mlangoni alicheka mpaka akakaa chini.

Mama yake alikuwa akimenya magimbi. Fundi alitoka uani akijifuta maji mikononi, akanikaribisha kigoda. Kwa kuwa wao ni Waislamu na shule yetu ni ya Kikatoliki, nilianzia hapo: je, nyimbo za kanisani haziwakwazi?

"Zitukwaze nini, mwalimu? Anaziimba hapa mpaka kuku wanakimbia. Na za madrasa anaimba. Mwacheni aimbe."

"Kwa hiyo hakuna linalowasumbua?"

Alimtazama mkewe. Mkewe akaweka kisu chini. "Mwambie. Si amekuja mwenyewe mpaka kwetu?"

"Ni simu, mwalimu," fundi akasema.

"Simu imefanyaje?"

"Namba ya shule ikitokea, natamani nisipokee. Mara ameanguka, mara amejikojolea, mara homa imepanda, njooni mumchukue. Siwalaumu, mambo hayo yapo. Lakini tangu aanze shule hamjanipigia kuniambia kitu kizuri. Nikasema moyoni, labda hakuna kizuri anachofanya."

Magimbi yalikuwa yamesahauliwa kwenye beseni. Mtoto alikuwa amenisogelea, anachezea zipu ya mkoba wangu. Habari zake nilikuwa nazo. Nikawaambia kwamba mwenzake akilia darasani, yeye ndiye wa kwanza kufika. Hujivuta mpaka pale, akamwekea mkono wake ulio mzima kichwani, akatulia naye mpaka kilio kikaisha.

"Huyu?" baba yake akauliza.

"Huyu huyu."

Mama alicheka, kisha akajifunika macho kwa upindo wa kanga, na hatukuona tena uso wake kwa muda.

Nilipomsimulia Sista, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Akaagiza kila mwalimu wa kitengo awe anawapigia wazazi anapokuwa na jema la kusema. Wapo walioguna kwamba kazi zimezidi. Walipiga hivyo hivyo.

Zamu yangu ilikuja wakati wa baridi, zile asubuhi ambapo ukungu unashuka kutoka milima ya Uluguru na watoto wote wako ndani ya masweta. Binti wa fundi alikuwa akipambana kufungua vifungo vya sweta lake kwa majuma mengi. Siku hiyo kifungo cha mwisho kilichomoka, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya. Nikachukua simu.

Upande wa pili zilisikika kelele za mashine ya zege. "Haloo, mwalimu! Amefanya nini?"

"Amefungua vifungo vya sweta. Vyote, peke yake."

Nilisikia akiwaita wenzake.

"Rudia, mwalimu. Naweka sauti kubwa."

Nikarudia. Nikasikia mashine inazimwa, na mafundi wenzake wakipaza sauti: "Hongera, baba! Hongera!"

"Nipe nimsikie," akasema. Nikamwekea mtoto simu sikioni. Alihangaika na midomo yake, na hakuna aliyemharakisha.

"Ba-ba," akasema. "Mi-mi."

Mkutano wa muhula uliofuata haukuwa wa shukrani. Mama mmoja alisema tunawaita saa za soko. Mwingine akasema choo hakina vyuma vya kushikilia, mwanawe anaogopa kwenda. Walikatizana, wakapandishiana sauti, na Sista akawa anaitikia kwa kichwa, uso umemchangamka kama bibi harusi.

Vyuma vilipatikana. Fundi alijitolea kuvifunga Jumamosi moja, binti yake akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa akimtazama. Alipomaliza akamwita ajaribu. Mtoto alinyoosha mkono, akakigusa chuma kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa kukataa.

"Juu," akasema.

Baba yake akatazama kazi yake, akamtazama mtoto. Saruji ilikuwa bado mbichi. Akakichomoa chuma, akaanza kukishusha.