Mashine Iliyokubali Kungoja

Marehemu mume wangu alikuwa na ofisi ndogo ya kupiga chapa mjini Kitui, nyuma ya soko. Miaka ya tisini ilipoingia aliuza taipureta, akanunua kompyuta ya mtumba, ya kioo cheusi na maandishi meupe. Kazi kubwa ilikuwa makaratasi ya mazishi: ratiba na historia ya marehemu. Watu huleta Alhamisi, na maziko ni Jumamosi.

Fundi mmoja wa Makindu alimwambia kumetoka mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, wenye picha na rangi. Mume wangu akacheka, akaniuliza mimi niliyekuwa nikisuka kiondo, kikapu chetu cha mkonge, pembeni.

"Mama watoto, ukibadilisha rangi ya uzi, umesuka kiondo kipya?"

"Hapana. Mpaka nibadilishe kinavyoanzwa chini."

"Umesikia, fundi? Hiyo yako ni rangi tu."

Kisha kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukanyamaza. Alirudi kazini kabla hajapona vizuri, maana nyumbani alikuwa akinyauka nikimwona. Aliandika kwa kidole kimoja cha kushoto. Lakini kuchapisha kulitaka vitufe viwili vibonyezwe pamoja, kimoja huku na kingine kule. Ndipo akawa ananiita, "Mama watoto, njoo ushike." Naweka kiondo chini, nashika kimoja, yeye anabonyeza kingine, mabega yetu yamegusana.

Shemasi mmoja aliyekuja kuchukua karatasi zake alitukuta hivyo.

"Gari moja, madereva wawili! Breki anashika nani?"

Mume wangu alicheka naye. Shemasi alipotoka, akasema polepole, "Siku ukiwa shambani, mimi hufunga ofisi."

Nikauza mbuzi, nikamwita yule fundi mwenyewe. Akaleta mashine yenye mfumo ule mpya. Kipanya, kile cha kusogeza mshale kwenye kioo, kilimshinda mume wangu, kwa sababu mkono wa kushoto nao ulitetemeka. Akanitazama kama mtu aliyejua tangu mwanzo kuwa ni rangi tu. Fundi akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadilisha kitu.

"Mzee, bonyeza hiki, uachilie. Halafu bonyeza kile."

"Niachilie kwanza?"

"Achilia. Itakungoja."

Akabonyeza, akaachilia. Akapumzisha mkono pajani, kisha akabonyeza cha pili. Karatasi ikatoka.

Wanangu huniambia kila mara kwamba kumetoka kompyuta mpya. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kubishana nao. Najua tu kwamba ile ilikuwa mpya. Ya kwanza ilitaka mtu mwenye mikono miwili mizima. Ile ilimkubali alivyokuwa.

Wiki ile sikuitwa. Nilifurahi, Mungu anajua, lakini nilisuka nikitega sikio. Namsikia anakohoa, printa inalia, karatasi zinatoka bila mimi. Ijumaa jioni akaita.

"Mama watoto, njoo."

"Imekataa?"

"Haijakataa. Njoo tu ukae."