Yai la Kobe Haligeuzwi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Vifaranga aligeuza mayai ya kuku asubuhi, mchana na jioni, trei baada ya trei, mpaka vidole vyake vikaijua kazi kuliko kichwa. Kampuni ya vifaranga ilipofungwa, akapata kibarua kwenye kituo cha kufugia wanyama watambaao. Bora kobe kuliko kukaa bure, alisema, na kobe angalau hapigi kelele.

Kobe wa kituo hicho walikuwa majike watupu. Dume wao wa pekee alikufa miaka miwili kabla, na watu walishakata tamaa, hadi Bibi, kobe mkongwe kuliko wote, alipoonekana ana mayai tumboni. Dokta wa wanyama, binti asiyependa porojo, alieleza kwamba kobe jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miaka.

"Kumbe marehemu alimwachia akiba," alisema Mama Vifaranga, na kwa mara ya kwanza dokta akacheka.

Lakini mayai hayakutoka. Siku nne Bibi alichimba, akajikamua, akachoka. Jioni ya siku ya tano dokta akamdunga sindano ya homoni inayosukuma mayai, na kabla jua halijazama yakatoka manane, meupe pe. Yakapangwa kwenye mchanga ndani ya mashine ya kuangulia, kila moja na alama ya penseli juu. Joto likawekwa chini kidogo, maana mayai ya kobe yakipata joto jingi hutoka majike, na majike pale walikuwa wametosha. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yote ya kituo.

Asubuhi Mama Vifaranga alifika wa kwanza. Akafungua mashine, na mikono ikafanya ilichozoea. Alipoliweka la nane ndipo alipoona kwamba hakuna hata alama moja iliyokuwa juu.

Alikuwa ameambiwa, tena mara mbili: yai la kuku usipoligeuza linaharibika, lakini la kobe ukiligeuza, kijusi kilichojishikiza ndani ya ganda, upande wa juu, kinakufa. Mazoea yana taabu! Akayarudisha yote, alama juu, kana kwamba hakuna lililotokea. Nani angejua? Ila mficha uchi hazai. Dokta alipoingia alimkuta amekaa juu ya ndoo, analia waziwazi.

"Mwanangu, nimeyaua. Nimeyageuza yote."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Halafu nikayarudisha."

Dokta akatazama saa, akahesabu kwa vidole. "Hayajamaliza siku nzima. Huenda kijusi hakijajishikiza. Huenda, mama, siwezi kukuahidi." Akamsaidia kuinuka. "Lakini umefanya vizuri kusema. Ungenificha, tusingeelewana."

Miezi mitatu Mama Vifaranga alipita karibu na mashine ile mikono ikiwa mfukoni. Usingizi ulimpaa. Nyumbani mumewe alilalamika kwamba mke wake siku hizi analala chali kama ubao, hajigeuzi hata upande.

Siku ya tisini na moja ganda la kwanza likapasuka. Kufikia mchana kobe saba walikuwa nje, wamejaa mchanga. La nane lilikuwa tupu tangu mwanzo, dokta alisema, halikuwa na mbegu. Mama Vifaranga akamwomba arudie kauli hiyo, naye akairudia.

"Na ni madume?"

"Kwa macho hujui. Wakikua kidogo nitawapima. Ila joto halikupanda hata siku moja, kwa hiyo nina matumaini makubwa."

Wa saba, asiyezidi kisanduku cha kiberiti, akapanda mgongo wa ndugu yake, akateleza, akalala chali, miguu ikipiga hewa. Mikono ya Mama Vifaranga ikatoka mfukoni, ikarudi. Akamtazama dokta.

"Huyo mgeuze, mama."

Akamgeuza kwa vidole viwili, akashusha pumzi aliyoishika tangu asubuhi ile.