Nimeusoma moyo wa mtu kinyumenyume

Leo nimemtia bibi wa watu hofu ya kufa, na moyo wake hauna neno.

Bibi Sidi alikuja kutoka Jilore na binti yake, analalamika kifua kinamshtua. Daktari akamfunga ile mashine mkononi. Sindano ikachora mapigo yake kwenye karatasi iliyopakwa moshi wa kandili, kisha akanipa mimi, msaidizi wake, niisome.

Nikaisoma kwa sauti, najiona.

"Moyo unapanda kwa shida, halafu unaanguka ghafla."

Bibi akanitazama. "Basi jembe niliache?"

Daktari akaniuliza, "Umeanzia wapi?"

Kulia. Kama tulivyozoea chuoni kusoma Kurani tangu utotoni. (Mliosoma nami, semeni kweli, nani asingeanzia huko?)

Binti yake bibi alicheka. Mimi sikucheka.

"Niwie radhi, bibi. Nipe mkono."

Nikaweka vidole kwenye mshipa, macho kwenye karatasi, nikaanza upya kutoka kushoto, pigo kwa pigo. Unapanda upesi, unashuka taratibu. Pigo moja limewahi, ukapumzika kidogo, ukaendelea sawasawa.

"Hilo moja ndilo linalokushtua. Halina ubaya."

Daktari akaitikia kwa kichwa.

Bibi alipofika mlangoni akageuka. "Je, uliowasomea kabla yangu?"

Yuko mmoja, wa Sabaki. Daktari alikuwa safarini, nikamsomea mwenyewe, nikamwambia aache kulima.

Nimeisoma upya karatasi yake mara tatu, na daktari ameitazama. Moyo mzima.

Kesho alfajiri nakwenda Sabaki kwa miguu, kumrudishia jembe lake.