Redio zilizorudi bubu: kazi yangu kwenye kampuni ya teknolojia Kariakoo enzi za Ujamaa

Wakuu wa humu, salaam. Walio wadogo kwangu nawapa marahaba mapema, maana najua shikamoo zinakuja.

Mimi ni bibi wa watu. Humu nimekuwa msomaji tu, leo nimeamua kuandika. Ninachosimulia kimenipata mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Mkisikia kampuni ya teknolojia mnafikiria kompyuta. Enzi zetu teknolojia ilikuwa redio. Anayejua kuiunda redio ikasema alionekana kama hawa vijana wenu wa app.

Nilikuja Dar kutoka Rombo baada ya kumaliza sekondari, nikafikia kwa mama mdogo, Ilala. Yeye alitaka niwe karani. Mimi nilikuwa nimependa fizikia shuleni, na nikasikia kuna ushirika wa mafundi redio Kariakoo unatafuta wasichana wenye mikono mitulivu.

Nikaenda.

Ushirika wenyewe ulikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, Mtaa wa Sikukuu. Mafundi wachache, feni moja, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Mbaruku, mtu mpole aliyesomea mambo ya redio ng'ambo. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mponda, Mngoni wa Songea, mkali kama pilipili, lakini akikufundisha umefundishika.

Kazi ilikuwa hivi: vifaa vinashuka bandarini, sisi tunaviunganisha kwa kulehemu. Unashika kichuma cha umeme chenye ncha ya moto, unayeyusha risasi kidogo, inashika waya. Kiungo kizuri kinang'aa kama jicho la samaki mbichi. Kibaya kinafifia, kina chembechembe, na siku moja kitaachia.

Niseme ukweli, nilikuwa na raha sana pale. Mchana tulikula pamoja wali na samaki wa mama mmoja wa Lindi, mwenyekiti anakaa kwenye kreti kama sisi. Wote ni ndugu. Ndugu Mponda, Ndugu Mbaruku, mpaka mimi binti wa juzi naitwa ndugu. Nilijiona mtu mzima!

Halafu tukakua.

Serikali iliagiza kwetu redio za betri kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima vijijini. Oda ilikuwa kubwa kuliko kazi zote tulizowahi kufanya. Tukahamia ghala moja upande wa Gerezani, tukatengeneza meza ndefu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, tukaajiri wasichana wengi kwa mpigo.

Waliokuwepo zamani tulikaa karibu na mlango, kwenye hewa. Wageni wakajazwa kule nyuma.

Mmoja wao alikuwa Somoe, binti wa Kilwa, mcheshi, ana mtoto mdogo anayelelewa na dada yake Jangwani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha, na alishika haraka. Ndani ya muda mfupi tukawa marafiki wa kuazimana khanga.

Mnaofanya kazi kwenye kampuni zinazokua mnaijua hali hii. Jana mnajuana kwa majina, leo unampita mtu mlangoni hujui ni mwenzako au mteja. Kikaletwa king'ora cha kuingilia kazini. Mwenyekiti akapata ofisi yenye mlango. Sikulalamika, kazi ilikuwa inaenda.

Shehena ya kwanza ikaondoka. Tulipiga makofi lori lilipotoka.

Lori lingine likarudi na redio zetu. Bubu! Nyingi zilikuwa zimezima zikiwa njiani, kwa mtikisiko tu.

Mkaguzi wa serikali aliyezileta alisema kwa upole, lakini alisema: tukishindwa kuzirekebisha, oda inahamishiwa kwingine. Ushirika mzima ulikuwa umejiegemeza kwenye oda ile.

Mzee Mponda akafungua redio moja baada ya nyingine. Viungo vimefifia. Kila mmoja wetu alikuwa anaweka alama yake ndani ya redio aliyoiunda; akazitazama, zote za wale wa nyuma.

Ukaitishwa mkutano wa wanachama. Wageni walikuwa bado hawajapewa uanachama, wakabaki nje uani. Mzee Mponda akasimama.

"Hawa mabinti wa nyuma hawana mkono wa kazi. Tuwarudishe makwao, tutafute wengine."

Watu wakaitikia. Nikamwona Somoe kupitia dirishani, amejifunga khanga vizuri, anasubiri. Nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, lakini nikanyoosha mkono.

"Ndugu mwenyekiti, Somoe nimemfundisha mimi. Wiki yake ya kwanza alikaa kwenye kiti cha pembeni yangu, na viungo vyake viling'aa. Ameanza kuharibu alipohamishiwa nyuma."

"Kwa hiyo?" akauliza Mzee Mponda.

"Kwa hiyo naomba, samahani sana mzee wangu, ukakae wewe kwenye kiti chake."

Nikajua nimeshajifukuzisha kazi.

Mzee akanitazama, akavua miwani, akaifuta, akaenda. Sote tukamfuata mpaka ukuta wa nyuma. Vichuma vyote mezani vikawashwa, kama siku ya kazi, naye akakaa kwenye kiti cha Somoe, akalehemu kiungo cha kwanza. Akakipuliza, akakitazama.

Kimefifia.

Akafanya cha pili. Kimefifia.

Akagusa risasi kwa ncha ya kichuma, ikayeyuka kwa uvivu. "Hiki kitu hakina moto," akasema. Akaomba kipimo cha umeme, akapima karibu na mlango, kisha akapima nyuma. Akaanza kucheka, yule mzee ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake.

"Waya ni mmoja, mwembamba, wa ghala la magunia! Sisi wa mbele tunaumaliza umeme, huku nyuma unafika umechoka!"

Akaenda mwenyewe kule uani, akamfuata Somoe. "Mwanangu, nilikusema vibaya. Njoo, tuna kazi."

Mafundi umeme wakavuta nyaya mpya. Zile redio tukazifungua zote, tukarudia kila kiungo, wa mbele na wa nyuma tumechanganyika. Na mkutano uliofuata wale mabinti waliingia ndani, wanachama kamili. Hilo alilipendekeza Mzee Mponda.

Siku mkaguzi aliporudi, Ndugu Mbaruku alisema tusimwonyeshe moja moja. Tukazipanga meza nzima. Saa saba mchana, wakati wa taarifa ya habari, kila mtu akasimama mbele ya redio kadhaa, tukaziwasha zote kwa pamoja.

Wakuu, ghala lilinguruma. Sauti moja ya mtangazaji kutoka kila upande, mpaka kifuani unaisikia. Wapagazi wakaacha mikokoteni barabarani, wauza machungwa wakajaa madirishani. Mkaguzi alitembea polepole kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ameinamisha sikio, akitafuta iliyo bubu.

Hakuipata.

Somoe alinishika mkono, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Nami pia.

Nilikaa pale miaka mingi, nikaishia kuwa mwalimu wa wanaoanza. Nilichojifunza: kazi ikipanuka halafu ikaanza kuharibika, usikimbilie kumfukuza mtu. Kwanza nenda ukakae kwenye kiti chake, ushike anachoshika, ndipo useme.

Haya, wenye visa vya makazini kwenu nawasikiliza, nimeshajitengea chai. Na kama kuna aliyesoma elimu ya watu wazima kwa redio ya betri kijijini, tafadhali aniambie tu: ilikuwa inasikika vizuri?